Hatua Nne Kabla ya Mlango

Vadu Mierlei, 12 Mei 1997

Shangazi yangu mpendwa,

Kwanza salamu, pili usicheke: nimepewa ukuta wangu mwenyewe.

Marehemu mwalimu wangu Gherasim, Mungu amlaze pema, alimaliza kulichora kanisa lenyewe kabla hajafa. Kuzaliwa kwa Bwana, miujiza, msalaba, kaburi tupu, na juu kabisa ule mji wa dhahabu wa siku za mwisho. Kilichobaki ni ukumbi wa mbele. Padri Visarion anataka mtu akiingia kwa mlango wa nje aanze na Uumbaji, atembee akiufuata ukuta, na akifika mlango wa ndani akutane na Bethlehemu ya Gherasim. Agano la Kale lote, Shangazi, mlango hadi mlango, na mkono ni wangu peke yangu!

Nimeshamaliza siku zile za kwanza. Nuru nimeitoa vizuri mpaka fundi wa lipu alivua kofia. Sasa niko kwa Nuhu. Unajua nilivyo na wanyama. Nimeweka kondoo wetu wale wenye pembe za kusokotwa, nimeweka korongo, nimeweka dubu anayepanda safina kwa shingo upande kama mtu aliyeamshwa. Watoto wa kijiji wanakuja kumwona dubu tu. Mzee Nichifor seremala alisimama, akatazama safina, akasema, "Binti, hiyo itazama kabla mvua haijanyesha." Nikamwambia Nuhu naye hakuwa fundi. Akanuna.

Ninalala kwa Mama Casiana Bodnar, yule mjane aliyegharimia michoro hii. Anapika ugali mgumu wa kukatwa kwa uzi, anaongea kidogo, ananifulia hata soksi. Nimenenepa.

Niombee. Hii ndiyo nafasi yangu.

Wako, Savina


Monasteri ya Poiana Rece, 25 Mei

Savina mwanangu,

Nimecheka, samahani. Barua yako niliisoma mezani baada ya supu ya maharage, kwa ruhusa ya Mama Mkuu, na watawa wote wamempenda dubu. Mama Teofana, ambaye hajatabasamu tangu Kwaresima, aliomba kipande cha dubu kirudiwe.

Unajua kazi yangu hapa. Wenzangu wanakula, mimi nasoma. Nimewasomea Biblia nzima toka jani la kwanza hadi la mwisho, tukimaliza tunaanza tena, na supu yangu siku zote naikuta imepoa. Sijutii. Kila tukimaliza nasema safari hii nimeielewa, kisha tunaanza upya naona nilikuwa mtoto. Kitabu gani kingine kinamfanyia mtu hivyo?

Sasa nina ombi la mwanamke mzee. Mchoree Ruthu vizuri. Yule mgeni anayeokota masuke nyuma ya wavunaji ndiye kipenzi changu katika kitabu chote. Baba yako, mdogo wangu, alikuwa akinitania kwamba niliingia utawani kwa sababu sikumpata Boazi. Mpe kitambaa chekundu kichwani, kama wanawake wa kwetu. Utakapomfikia, niambie.

Nakutumia jamu ya plamu. Usimalize peke yako.

Shangazi yako, mtawa Pelaghia


Vadu Mierlei, 3 Julai

Shangazi mpendwa,

Samahani kwa kukawia, kazi ni nyingi. Jamu imefika na imeisha.

Ruthu ni mzuri sana. Ana kitambaa chekundu. Kila mtu anamsifu.

Nina swali dogo, la udadisi tu. Tuseme mtu anataka kusimulia mambo yote kuanzia Yusufu alipouzwa na ndugu zake hadi Bethlehemu, lakini kwa ufupi, ufupi hasa. Angeweza kuruka nini bila watu kugundua? Wafalme wale wengi, kwa mfano? Au manabii?

Ni swali tu.

Savina


Monasteri ya Poiana Rece, 14 Julai

Mwanangu,

Aruke nini? Asiruke kitu! Wafalme wale ni walevi na waongo wengi wao, lakini ukiwaondoa hutaelewa kwa nini watu walikaa wakimngoja mfalme wa aina nyingine. Na manabii ukiwaondoa, nani atakuwa amelia usiku kucha kwa ajili ya wale wasiotaka kusikia? Mwambie huyo mdadisi wako asome, aache uvivu.

Lakini habari kubwa ni hii. Mama Mkuu ameniruhusu kusafiri! Nitakuja kwenye kuwekwa wakfu, sikukuu ya Mtakatifu Dimitri, mwishoni mwa Oktoba. Sijatoka kwenye lango hili muda mrefu hata sijui basi linapandiwa wapi. Nitasimama mbele ya Ruthu wako na kitambaa chake chekundu, na huenda nikalia hadharani, kwa hiyo jiandae kuona aibu.

Pelaghia


Vadu Mierlei, 2 Agosti

Mheshimiwa Mama Pelaghia,

Naandika bila Savina kujua, na kwa moyo mzito. Mimi ni Padri Visarion wa hapa. Amenionyesha barua yako, amejifungia ghalani kwenye mapipa ya chokaa, na hataki kula.

Mama, hakuna Ruthu. Hakuna hata Musa. Mpwa wako ana mkono wa baraka, sijaona Nuhu kama wake, lakini kila kisa kilichompendeza amekipa ukuta mkubwa kama shuka, akakizungushia mstari wake mwekundu kama ilivyo desturi, akahamia kingine. Mnara wa Babeli peke yake una mafundi wengi kuliko kijiji kizima. Amefika Yusufu anapouzwa, na ukuta umekwisha.

Zimebaki hatua nne kabla ya mlango wa ndani. Nazo, kama ujuavyo, kwa mila yetu ni mahali pa waliojenga. Hapo anatakiwa kuchorwa Mama Casiana, na marehemu mumewe Mihalache aliyezipandisha kuta hizi, na kijana wao Silvestru aliyefukiwa na mgodi wa makaa ya mawe, wakiwa wameshika mfano mdogo wa kanisa mikononi, ili kila aingiaye awataje. Mjane huyu amengoja miaka.

Wazee wa kanisa wamekaa jana. Wengine wanasema michoro ipigwe nyundo kuanzia Nuhu hadi Yusufu, wengine wanasema aitwe mchoraji mwingine kutoka mjini. Savina mwenyewe leo asubuhi nilimkuta ameshika nyundo mbele ya dubu. Nilimnyang'anya. Lipu mbichi haiwezi baridi kali, na hapa theluji haibishi hodi. Hata akivunja leo, hatawahi.

Mimi ni padri wa kijiji, najua kuzika na kubatiza. Hili limenishinda. Wewe ndiye uliyemlea.

Padri Visarion


Monasteri ya Poiana Rece, 9 Agosti

Savina,

Kwa hiyo Ruthu ni mzuri sana, eh? Na kila mtu anamsifu! Mimi nilishamsimulia Mama Teofana mpaka rangi ya nyusi zake.

Haya, nimekugombeza. Imekwisha. Toka ghalani, kula, na hiyo nyundo usiiguse. Nuhu abaki. Huwezi kuuharibu uzuri uliokwisha kupewa kwa sababu hukujua kupima.

Sasa nisikilize. Kosa lako si la kupima tu. Wewe unavijua visa. Nilikufundisha mwenyewe, kabla sijaingia utawani, kimoja kimoja, ukiwa na nguo ya kulalia, na kila usiku ulipata kimoja ukalala. Hiyo ndiyo shida. Umekua ukidhani Biblia ni kapu la visa, mtu anatia mkono na kutoa kimoja, akikizungushia mstari mwekundu kimetosha.

Mwanangu, ni kisa kimoja! Hapo ndipo mimi mpaka leo nashangaa nikiwa na kijiko mkononi. Wameandika wafalme na wachunga kondoo, wafungwa, tabibu, mtoza ushuru, watu ambao hawakuonana, wengine wamepishana karne na karne, na bado ni kisa kimoja. Mungu anatengeneza nyumba ili akae na watu. Watu wanatoka. Yeye anawafuata. Basi! Yaliyobaki yote, toka ukurasa ule wa tatu hadi wa mwisho, ni huko kufuata.

Anaanza na mzee mmoja asiye na mtoto, anamwahidi kwamba kupitia yeye jamaa zote za dunia zitabarikiwa. Kisha angalia hiyo ahadi inavyopita pembamba. Inakaa kwenye hema la bibi kizee tasa. Inatupwa kisimani na ndugu zake. Inaelea mtoni ndani ya kikapu. Inaokota masuke. Inasahauliwa machungani na mifugo. Inaona mji wake unachomwa, inafungwa minyororo, inapelekwa Babeli kwa miguu. Kila mara unasema sasa imekatika. Haikatiki. Na siku inapofika, inafika kwenye zizi, ambako mwalimu wako ameichora upande wa pili wa mlango.

Usinichoree chochote. Soma. Brashi iweke chini, soma moja kwa moja kama mtu anayetaka kujua itaishaje, halafu niandikie ulichokiona. Ukishakiona, hatua nne zitatosha. Usipokiona, hata ukuta wa ngome hautakutosha.

Nakupenda, mwongo wee.

Pelaghia


Vadu Mierlei, 30 Agosti

Shangazi,

Nisamehe. Sitasema mengi kuhusu hilo.

Mvua imenyesha mfululizo, kuta zinatoa jasho, lipu haishiki, kwa hiyo sikuwa na kisingizio. Nilikaa jikoni kwa Mama Casiana, karibu na jiko, nikasoma kwa sauti kama wewe. Yeye alikuwa anamenya viazi na kujifanya hasikii. Nilipofika pale Yusufu anajitambulisha kwa ndugu zake, kisu kilisimama. Nilipokuwa katikati ya sheria za Walawi alisema, "Hapo ruka, binti, hata Mungu anajua tuna kazi." Sikuruka. Na ni vizuri sikuruka, Shangazi, maana katikati ya damu ya mafahali na vipimo vya mapazia niliona anachotaka: anatafuta namna ya kukaa tena hemani pamoja na watu bila wao kuungua.

Hapo ndipo nilipoanza kuona, na baada ya hapo sikuweza kuacha. Bustani walimokuwa wakitembea naye. Kisha hema jangwani, akakaa katikati yao. Kisha hekalu. Kisha hekalu linachomwa, nililia kama msiba wa nyumbani, na Mama Casiana akaacha viazi akaja kukaa. Kisha wachache wanarudi, wanajenga kwa mkono mmoja na silaha mkono wa pili, na wazee walioona nyumba ya kwanza wanalia hadi kelele za furaha na za kilio hazitenganishwi. Nikaendelea hadi upande wa Gherasim, mtoto anazaliwa, na wanasema amekuja kukaa kwetu. Hadi ukurasa wa mwisho, Shangazi! Mji ule wa dhahabu, ambao nilidhani ni pambo la dari, ni nyumba ileile ya mwanzo, na milango yake haifungwi. Nimefanya kazi chini yake miaka mitatu, nikimsafishia Gherasim brashi, sikujua ninatazama nini.

Nilipiga kelele jikoni. Paka alikimbia.

Sasa najua la kufanya. Mistari myekundu ndiyo iliyoniponza. Katika hatua hizi nne sitachora kisa hata kimoja ndani ya mstari. Nitachora njia moja, pana, inayotoka miguuni mwa Yusufu hadi mlango wa ndani, na watu wote wako juu yake wanatembea: Musa na umati wake, Ruthu na Naomi, Daudi, waliofungwa minyororo, waliorudi na matofali, manabii wakiita watu waharakishe. Wote wanaelekea mlangoni. Padri Visarion ameuliza askofu atasema nini akikosa mstari, kisha akasema yeye atakohoa.

Lakini hatua hizo si zangu. Jana mezani nilimwomba Mama Casiana. Alisimama, akaondoa sahani yangu ikiwa bado na chakula, akaenda chumbani kwake.

Savina


Vadu Mierlei, 4 Septemba

Kwako Mama Mtawa Pelaghia,

Hunijui. Mimi ni Casiana, mjane wa Mihalache Bodnar. Anwani yako nimeitoa kwenye bahasha za mpwa wako. Sikuzisoma, nilisoma nje tu.

Nataka ujue mtoto uliyemlea. Anakula ugali wangu, analala kwenye kitanda cha mwanangu, na sasa anautaka ukuta wake.

Silvestru wangu sikumzika mimi. Mgodi ulimzika na haukumrudisha. Sina kaburi la kupeleka mshumaa. Siku ya wafu wenzangu wanakwenda makaburini na ngano yao ya kuchemsha na divai, mimi naweka sahani yangu dirishani kama mwehu. Mihalache alipokuwa anakufa alisema, Casiana, walau ukutani, achorwe ukutani, watu wapite wamtaje. Nimeuza ng'ombe kwa ajili hiyo, nimeuza na shamba la mtoni.

Sasa naambiwa ukuta unatakiwa na Musa. Musa ana kuta dunia nzima! Mwanangu ana huu mmoja.

Sisemi binti ni mbaya. Nimemsikiliza akisoma. Sikuwahi kusikia yote kwa mpangilio. Kanisani tunasikia kipande leo, kipande Jumapili nyingine, na mimi hukaa nyuma karibu na mlango ambako upepo unachukua nusu. Nilikuwa sijui kwamba vinashikana. Palipochomwa ule mji nilikaa chini, sikuficha. Lakini kusikiliza ni kitu kimoja na kutoa ni kingine. Mwambie aache.

Casiana Bodnar


Monasteri ya Poiana Rece, 11 Septemba

Mama Casiana, dada yangu,

Sikuombi ukuta. Ni wako. Mpwa wangu ana mdomo mwepesi kuliko brashi yake, na kukuomba jambo kama hilo huku anatafuna chakula chako ni utovu wa adabu. Nimeshamwandikia kuhusu hilo.

Nakuandikia kwa sababu ya sahani ile dirishani. Wewe si mwehu. Na kwa kuwa umesikia kitabu kizima mwaka huu, nataka nikuonyeshe mahali ambapo pengine ulikuwa unamenya viazi.

Naomi alitoka Bethlehemu na mume na wana wawili, akarudi bila hata mmoja. Makaburi yao aliyaacha nchi ya watu. Wanawake wa mji walipomwita jina lake akawaambia msiniite hivyo, niiteni Uchungu, nilitoka nimejaa na Mungu amenirudisha mtupu. Alilisema hivyohivyo, mbele ya watu, na kitabu hakimkaripii. Nimelisoma mezani mara nyingi nikingoja akaripiwe. Hakuna.

Sasa angalia alipo. Nyuma yake kuna Ibrahimu na Musa na bahari iliyogawanyika. Mbele yake kuna Daudi na hekalu na manabii. Na katikati, ahadi yote ya Mungu kwa dunia nzima inasubiri kwenye mikono mitupu ya mwanamke huyo mmoja anayerudi nyumbani kwa miguu na mkwewe mgeni. Asingerudi, Ruthu asingeokota masuke, na Daudi asingezaliwa. Mtoto wa Ruthu alipozaliwa, majirani walimweka mapajani mwa Naomi. Haisemwi kwamba aliwasahau wanawe. Wala mimi sitakuambia hivyo.

Kwa hiyo usidhani wako watu wakubwa wa Biblia kule, na wewe na wafu wako huku. Ni njia moja hiyohiyo. Hilo ndilo lililonifanya nisichoke kulisoma.

Mwambie Savina akuonyeshe kwa mkaa, ukutani, angewaweka wapi ninyi watatu. Usipopapenda, futa kwa ufagio, na mimi nitamgombeza tena kwa maandishi.

Dada yako, mtawa Pelaghia


Vadu Mierlei, 20 Septemba

Shangazi,

Sijui ulimwandikia nini. Alikuja kanisani na ufagio mkononi! Akaniambia, "Nionyeshe." Nikachora njia kwa mkaa, haraka, na pembeni yake nikamchora yeye na Mzee Mihalache wamesimama wima, wadogo, kama desturi.

Alitazama mpaka nikadhani anatafuta pa kuanza kufagia. Akasema, "Mbona sisi tumesimama pembeni kama mashahidi mahakamani na wenzetu wanatembea? Tuweke njiani."

Shangazi, nilimkumbatia, akanisukuma kwa ufagio.

Ana masharti. Mihalache ashike kofia mkononi pamoja na kanisa, kwa sababu hakuwahi kuvaa kofia mbele ya watakatifu. Yeye mwenyewe Casiana asivalishwe dhahabu, avae aproni yake ya kila siku. Silvestru asiwe na nguo za jeshi, ingawa picha pekee aliyo nayo ni ya jeshini. Akae ninapoona panafaa, mradi aonekane uso.

Nimefanya kazi kuanzia alfajiri. Lipu inakaa vizuri, asubuhi kuna ukungu tu, baridi bado iko milimani. Ruthu wako amekauka jana, kitambaa chekundu, na huu si uongo, muulize Padri. Mzee Nichifor amekiri kwamba magurudumu ya mkokoteni wa Waebrania yangezunguka.

Silvestru nimemweka mahali ambapo sijamwambia mama yake. Nimeufunika ukuta kwa shuka mpaka siku yenyewe. Kama nimekosea, safari hii nimekosea kweli. Niombee sana.

Kifua chako vipi? Padri anasema daktari amekukataza kusafiri. Nimenuna, lakini mtii.

Savina


Vadu Mierlei, 2 Novemba

Mama Pelaghia, dada yangu,

Savina anasema atakuandikia yeye, lakini amelala, analala tangu sikukuu kama mtu aliyebeba mawe, na mimi nimeona wewe uliyekosa kuja usingoje. Nakueleza nilivyoona kwa macho yangu.

Askofu alifika, tukazunguka kanisa, tukaimba. Wakashusha shuka. Ni njia, Mama, njia yenye vumbi kama hii yetu ya kushukia mtoni, na imejaa watu. Musa amechoka, Savina kamchora mpaka miguu imevimba. Nilimwona Mihalache wangu, kofia mkononi, kanisa mkono wa pili, anatembea na wale wa zamani kama wametoka sokoni pamoja. Nilijiona mimi na aproni yangu. Naomi yuko ubavuni kwangu. Yeye mikono mitupu, na mimi mikono mitupu.

Silvestru hayupo.

Dada, nilipandwa na hasira, nusura nipige kelele mbele ya askofu. Nimeuza shamba, nimetoa ukuta, na mwanangu hayupo. Nikaanza kuufuata ukuta nikimtafuta. Nikawasukuma watu. Nikampita Ruthu wako, nikampita Daudi na kinubi, nikawapita waliofungwa minyororo, nikaangalia kila uso pale, maana nilidhani labda amemweka na wafungwa kwa sababu ya mgodi. Hayupo. Nikawapita wanaorudi na matofali. Nikawapita wazee wale wanaoita. Ukuta ukaisha, pakabaki mlango.

Alikuwa mlangoni. Kwenye ile pembe, ambapo ukuta unapinda kuingia ndani kwenye Bethlehemu ya marehemu Gherasim. Mguu mmoja uko ndani. Mkono ameshika mwimo wa mlango. Amegeuza uso anatazama nyuma, anatazama njia yote, na ukifuata macho yake yanafika kwangu.

Savina alikuwa mweupe kama chokaa. Nikamwuliza, mbele ya wote, "Mbona umemtenganisha na mama yake?" Akasema, "Hajatengwa, Mama Casiana. Ametangulia tu. Anakungoja uingie naye."

Askofu akauliza mstari mwekundu uko wapi, Padri Visarion akakohoa sana. Mimi nilikaa chini palepale kwenye jiwe. Nililia, ndiyo. Nililia kile kilio ambacho sikupata kaburi la kukililia.

Sasa ninaingia kanisani kila siku. Wanawake wananiuliza huyu nani, yule nani, nami nawasimulia kuanzia mlango wa nje, yote, bila kuruka, hata Walawi nawagusa kidogo. Wanashangaa kwamba vinashikana. Nawaambia hata mimi nilikuwa sijui. Nampita dubu, nampita Ibrahimu, najipita mwenyewe, na nikifika mlangoni namgusa Silvestru bega.

Savina ananigombeza, anasema nikimgusa kila siku rangi itafutika. Nimemwambia ikifutika nitakuwa nimeshafika.

Casiana